Kabla Hujakilaumu Kisomeo, Tazama Faili

(Hotuba iliyotolewa kwa walimu na wanachama wa klabu ya wasomaji. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, wanachama, na nyinyi vijana mliojibana kule dirishani, habari za asubuhi.

Nani hapa ana kisomeo nyumbani, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki? Inueni mikono, msione haya. Vizuri. Sasa ateremshe mkono yule ambaye kisomeo chake hakijawashwa tangu Ramadhani. Aa! Mmeona wenyewe iliyobaki.

Nasema kisomeo. Wengi wetu husema Kindle, hata kikiwa cha PocketBook au Kobo, kama ambavyo kila sabuni ya unga kwetu ni Omo. (Kobo, jamani, si kobe, ingawa naye hutembea na nyumba yake mgongoni.) Leo itabidi tuvitofautishe, kwa sababu dawa ya hiki si dawa ya kile. Kwa hiyo kisomeo liwe jina la wote.

Malalamiko nayajua. Herufi ndogo kama chawa. Maneno yameachana kama meno ya mzee, na wazee mnisamehe. Kamusi haijui Kiswahili. Chaji haikai. Kioo kimeganda. Si ndiyo haya? Sasa nasema hivi: ukitoa hilo la kioo, hilo la kamusi na nusu ya hilo la chaji, yaliyobaki kosa lake si la kifaa. Kosa ni la faili. Mtu analisha kifaa chakula kibichi, kisha anakilaumu kwa kuumwa tumbo.

Tuanze na kioo, tumalizane nacho.

Skrini ya kisomeo si skrini ya simu. Ndani yake kuna tabaka la vidonge vidogo mno, upana wake kama unywele. Kila kidonge kimejaa kimiminika chenye chembe nyeupe na chembe nyeusi. Nyeupe zina chaji chanya, nyeusi zina chaji hasi. Umeme ukipita, rangi moja hupanda juu na nyingine huzama. Umeme ukikatika, chembe hubaki pale pale zilipo. Ndiyo maana picha inabaki kwenye kioo hata kifaa kikiwa kimelala. Ndiyo maana ukurasa ukiwa umetulia mbele yako, skrini yenyewe haili umeme hata kidogo. Na ndiyo maana unasoma juani saa saba mchana bila kukunja uso: mwanga unaugonga ukurasa na kurudi, kama kwenye karatasi. Zile taa za ndani ziko ukingoni, zinaangaza ukurasa kwa juu, hazikupigi machoni kutoka nyuma.

Kile kivuli cha ukurasa uliopita mnachokiona kwa mbali, nacho ni chembe chache zilizochelewa kuhama. Si ugonjwa. Ingia kwenye mipangilio ya kusoma, washa usafishaji wa ukurasa kila unapofungua ukurasa mpya. Skrini itapepesa mara moja kila unapogeuza, na kivuli kitakwisha. Chaji itakwenda haraka kidogo, basi.

Lakini nyuma ya vidonge hivyo kuna nini? Kuna kioo. Katika visomeo vingi ni kioo kweli, chembamba sana, kilichobeba nyaya zinazoamuru chembe zipande au zishuke. Juu yake kuna plastiki. Sasa mtu anakuja na kisomeo, nusu ya ukurasa imeganda, mistari wima imesimama kama nondo za dirisha, anakwambia: “Mbona hakijapasuka?” Anapitisha kidole juu, laini kabisa. Kimepasuka, ndugu yangu. Kimepasuka ndani. Na bei ya kubadili skrini mara nyingi inakaribia bei ya kifaa kingine.

Mwaka 2010 shirika la Worldreader lilipeleka visomeo kwa mamia ya wanafunzi katika shule za Ghana. Watoto walisoma, walisoma kweli. Lakini katika mwaka huo wa kwanza zaidi ya theluthi moja ya visomeo viliharibika, na tatizo kubwa lilikuwa hicho kioo cha ndani. Hakikuwa kifaa kibaya. Kilikuwa kimebuniwa kwa msomaji aliyekaa kwenye kochi, kikatiwa katika mkoba pamoja na daftari kumi, sahani na mpira. Vifuniko imara na mafunzo ya namna ya kukishika vikawa sehemu ya kazi yenyewe.

Walimu, hilo ni lenu. Kifuniko kigumu kinachofunika uso, si mfuko laini. Kisomeo kikae upande wa mgongo wa mkoba, uso ukielekea daftari pana, kamwe usielekee chupa ya maji. Usikishike kwa kubana pembe moja. Usikiache kitandani, maana kitandani watu hukaa. Na usikiache kwenye dashibodi ya gari: maelekezo ya Kindle yanataka kisihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na gari lililofungwa juani hapa pwani linapita hapo bila jasho.

Na bahari je? Visomeo vyenye alama ya IPX8 vinastahimili maji, lakini someni maandishi madogo. Kindle Paperwhite inahimili dakika 60 ndani ya maji yasiyo na chumvi, kina cha mita 2. Maji ya chumvi? Dakika 3, kina cha robo mita. Dakika tatu! Kikidondoka baharini, kisuuze kwa maji ya bomba, kikung’ute, kikauke kabisa, na usichomeke chaji mpaka tundu liwe kavu. Visomeo vingi haviuliwi na bahari, vinauliwa na haraka ya kuchaji.

Kioo nimemaliza. Sasa tuje kwenye faili, na hapa naomba tukae.

Faili lako la PDF limetoka wapi? Adobe waliitoa PDF mwaka 1993 kwa nia moja: ukurasa ufike unakokwenda kama ulivyoondoka. Kila herufi imepigiliwa msumari mahali pake. Kwa mchapishaji ni neema. Kwa kisomeo ni balaa.

Tuseme mwalimu wa sekondari ametumiwa mwongozo wa kufundishia, PDF ya ukurasa wa A4, herufi za pointi 12. A4 ina upana wa sentimita 21. Skrini ya inchi 6 ina upana wa kama sentimita 9. Ukurasa mzima ukibanwa uingie humo, pointi 12 inakuwa pointi 5. Pointi tano! Maandishi ya chini ya mkataba wa mkopo ni makubwa kuliko hayo. Mwalimu anavuta kwa vidole, anasukuma kushoto, anasukuma kulia, mstari mmoja mara tatu. Siku ya pili kisomeo kiko kabatini. Kosa la nani? Kosa ni la faili.

Kama huna muda wa kuligeuza, fanya mawili. La kwanza, kata pambizo. Ukurasa wa A4 wenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande una maandishi ya upana wa sentimita 16 tu, zilizobaki ni karatasi tupu. La pili, laza kisomeo, upana uwe sentimita 12. Kumi na mbili kwa kumi na sita: pointi 12 yako sasa ni pointi 9. Hiyo inasomeka. Ukurasa utausoma kwa vipande viwili au vitatu, lakini macho yatapumua. KOReader, programu ya bure inayowekwa kwenye Kobo na PocketBook, inakata pambizo yenyewe, na inaweza hata kuvunja mistari ya PDF na kuipanga upya. Kwenye kompyuta kuna k2pdfopt, nayo ya bure, inafanya kazi hiyo hiyo kabla faili halijaingia kwenye kifaa.

Ukiwa na muda, tafuta EPUB, muundo mwingine wa faili la kitabu. EPUB ni maji: inachukua umbo la chombo. Herufi unazikuza, mistari inajipanga. Na kama EPUB haipo, kabla ya kuikimbilia PDF, muulize aliyekutumia: una faili la Word? Swali hilo moja linaokoa jioni nzima. Faili la Word ambalo vichwa vyake vimewekwa kwa mitindo ya vichwa, si kwa kukoleza wino tu, linageuka EPUB safi yenye yaliyomo ya kubofya.

Kazi hiyo hufanywa na Calibre. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Buruta faili lako, litupe ndani. Bofya Convert books. Kwa Kobo na PocketBook chagua EPUB. Kwa Kindle unayoiunganisha kwa waya chagua AZW3, muundo wa Kindle yenyewe, kwa sababu Kindle haifungui EPUB uliyoinakili kwa waya. Inaipokea tu ukiituma kwa Send to Kindle, huduma ya mtandaoni ya Amazon wanaotengeneza Kindle, ambako inageuzwa njiani. Wangapi wamenakili EPUB kwenye Kindle, wakachomoa waya, wakatafuta kitabu wasikione? Naona mnacheka.

Ukilazimika kugeuza PDF, tarajieni mambo mawili. Kila mstari utakuwa aya, sentensi inakatika katikati kama mtu mwenye kwikwi. Na namba za kurasa zitaingia ndani ya maneno. Kwa kwikwi, washa Heuristic Processing, kisha nenda PDF Input, kuna kipimo cha kuunganisha mistari, kimewekwa 0.45. Sentensi zikiendelea kukatika, kipunguze kidogo, 0.4, ujaribu tena. Aya zikianza kugandana, kipandishe. Kwa namba za kurasa, tumia sehemu ya Search & Replace katika dirisha hilo hilo.

Na zile PDF zilizopigwa picha kwa simu, ukurasa umepinda, kidole gumba kimeonekana pembeni? Hizo si maandishi, ni picha. Hazigeuki. Kama kitabu ni chako mwenyewe, kiskani kwa dpi 300, kisha kipitishe Tesseract, programu ya bure inayotambua herufi, na uiambie lugha ni swa, yaani Kiswahili. Usipoiambia, inadhani ni Kiingereza. Ukimaliza, kagua: m hupenda kusomwa kama r na n, mwana akawa rnwana, na ng’ hupoteza alama yake. Kama kitabu si chako, bali riwaya inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, hapo sina ufundi wa kukupa. Mwandishi wake hapati hata senti, na bado unasoma kitabu kibovu.

Sasa Kiswahili chetu.

Kwa nini maneno yanaachana? Ndani ya kila EPUB kuna mstari mmoja unaotaja lugha ya kitabu. Vitabu vingi vya Kiswahili vimeandikwa kwenye kompyuta zilizowekwa Kiingereza, basi mstari ule unasema “en”. Kisomeo kinaamini. Kinakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na unaweza kukuta shang- juu na aa chini, badala ya sha- na ngaa. Au kinashindwa kukata kabisa, na neno letu refu, wanaolalamikiana, linarukia mstari wa pili zima zima. Mstari uliobaki na maneno matatu unavutwa mpaka ukingoni, na ndipo mapengo yanatokea. Simu nayo ukiiambia ikusomee kwa sauti, inakisoma kwa ulimi wa Kiingereza. Mnajua inavyochekesha. Kwa mtu asiyeona, haichekeshi.

Dawa ni ya dakika mbili. Katika Calibre chagua kitabu, fungua Edit metadata, mahali palipoandikwa Languages futa English, andika Swahili. Kisha kigeuze upya, hata kama ni kutoka EPUB kwenda EPUB, ili badiliko liingie ndani ya faili. Na kwenye kisomeo, zima kunyoosha kingo zote mbili. Chagua mpangilio wa kushoto. Ukingo wa kulia utakuwa na meno, lakini nafasi kati ya maneno zitalingana. Mimi nasema kwa Kiswahili huo ndio mpangilio wa kusoma. Wapenda kingo zilizonyooka wabishe, lakini wasome kwanza kurasa ishirini.

Jambo dogo zaidi, na limewasumbua wengi bila wao kujua: ritifaa. Andikeni ng’ombe kwenye kisanduku cha kutafutia, mnaambiwa neno halipo, na huku ng’ombe wamejaa ukurasa wa kwanza. Kwa nini? Word, unapobonyeza ritifaa, inaipinda yenyewe. Kibodi ya kisomeo inaandika iliyonyooka. Kwa macho yako ni alama moja, kwa mashine ni mbili tofauti. Na kuna wanaotumia ile alama ya pembeni juu ya kibodi, iliyolalia kushoto, basi zinakuwa tatu. Fungua kitabu kwa Edit book ndani ya Calibre, tafuta ng yenye alama iliyopinda, badilisha kote iwe iliyonyooka. Mara moja tu. Ng’ambo, ng’oa, ng’ara, wote wanarudi zizini.

Kamusi. Hapa kosa si la faili wala la kifaa, hapa pana ugumu wa kweli. Visomeo vinavyouzwa sana haviji na kamusi ya Kiswahili. KOReader inapokea kamusi za muundo wa StarDict, na zipo za Kiswahili za kupakua bure. Lakini bonyeza neno wamempelekea. Hakuna kitu. Kamusi imeorodhesha peleka. Kiingereza kinabadilika mkiani, Kiswahili kinabadilika kichwani na mkiani, na kisomeo hakijui kuvua viambishi. Basi mvulie wewe: kwenye dirisha la kamusi la KOReader gusa neno lenyewe, litaandikika. Futa wa, futa me, futa m, rudisha mkia uwe peleka. Vitabu, andika kitabu. Macho, andika jicho. Walimu wa sarufi, mna zoezi hapo, na wanafunzi wenu watalifanya bila kujua wanafanya sarufi.

Kwa vitabu vya watoto, Bloom Library na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili za bure zinazopakuliwa kama EPUB au PDF. Mkumbuke skrini nyingi zina vivuli 16 vya kijivu tu, kwa hiyo hadithi isemayo “mtafute ndege mwekundu” itamtesa mtoto bure.

Jambo lingine: kitabu ulichonunua ni chako?

Julai 2009 wasomaji Marekani waliamka, wakakuta vitabu viwili vya George Orwell vimetoweka kwenye Kindle zao. Kimoja ni 1984. Cha pili ni kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, na wengi humu mmekisoma darasani. Aliyevipandisha dukani hakuwa na haki navyo. Amazon wakavifuta kwa mbali, wakarudisha pesa. Sawa, pesa zilirudi. Lakini mwanafunzi mmoja wa Michigan alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo ndani ya 1984, na maelezo yale yakabaki yakielekeza kwenye kurasa ambazo hazipo tena. Alishtaki. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani, na shauri likaisha kwa malipo ya dola 150,000.

Tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon wameondoa pia ile njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa waya. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba maelezo yako, angalau hayo, yawe mikononi mwako. Unganisha Kindle na kompyuta, fungua folda ya documents, kuna faili linaitwa My Clippings.txt. Kila ulichopigia mstari na kila ulichoandika kimo humo, maandishi matupu. Linakili kila mwezi. Kwa Kobo, tafuta faili la Kobo eReader.conf, chini ya kichwa FeatureSettings ongeza mstari ExportHighlights=true, na kisomeo kitakupa kitufe cha kutoa maelezo yako. Na ukipata duka linalouza EPUB isiyo na kufuli, hata kwa bei ya juu kidogo, nunua hapo.

Chaji, kwa ufupi. Kasha la Kindle Paperwhite ya 2021 linasema wiki 10. Someni tena maandishi madogo: nusu saa kwa siku, Wi-Fi imezimwa, taa kwenye 13. Piga hesabu: siku 70 kwa nusu saa ni saa 35. Anayesoma saa tatu kwa siku atapata siku kumi na mbili hivi. Hajaibiwa. Lakini kikiisha kwa siku mbili, uliza: umeingiza vitabu mia tatu juzi? Kifaa kinasoma kila neno ili uweze kutafuta, na faili moja bovu linaweza kukikwamisha hapo usiku kucha. Ondoa vitabu vya mwisho ulivyoingiza, kiwashe upya, virudishe kumi kumi mpaka mwenye kosa ajulikane. Mmeona? Hata chaji, nusu yake ni ya faili. Na kikikaa kabatini kwa muda mrefu, kiache na chaji nusu, usikiache sifuri.

Meza ile ya mlangoni kuna kompyuta mbili zenye Calibre, na vijana wawili wanaoijua. Njooni na visomeo vyenu, njooni na waya. Kuna waya za bei rahisi zinazopitisha chaji tu, hazipitishi data: kisomeo kinaonyesha kinachaji, kompyuta inasema haioni kitu, na mwenyewe anaapa kifaa kimekufa. Kwa hiyo waya tutaujaribu kwanza. Wenye PDF za A4 waanze foleni upande wa kulia. Wenye ng’ombe waliopotea, kushoto.